Mansuri wa Chumvi na Maji Yanayozama

Soko la Kasulu ukitaka chumvi ya Uvinza, watu watakuelekeza kwa Mansuri. Ila kuna miezi ambayo usingeweza kumtaja mwanawe mbele yake kwa neno "marehemu". Mtu akilitamka neno hilo, hata awe mteja wa gunia zima, Mansuri alikuwa anashusha sahani ya mizani, anaifunika chumvi kwa turubai, na biashara imekwisha. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na aliyeponyokwa na neno alikuwa shehe wa msikiti wake mwenyewe.

Mimi ni fundi wa miavuli, mtu wa kupita. Kibondo, Mabamba, Gwarama, Buhigwe, kote huko nazunguka na mfuko wangu wa vijiti na nyuzi, na nikifika Kasulu nalala kwenye baraza ya Mansuri. Kwa hiyo haya mengine nimeyasikia nikiwa nimeketi pale pale, mwavuli wa mtu magotini.

Mansuri ni Muha wa Heru Juu. Ujanani alikwenda Uvinza kuchochea moto kwenye majiko ya chumvi. Chemchemi za kule zina maji ya chumvi. Unayamimina kwenye makarai mapana ya bati, unachemsha, maji yanapanda hewani, chumvi inabaki chini unaikomba. Ni kazi ya kuni na moshi na macho mekundu. Alipochoka akanunua baiskeli, akawa anasukuma magunia kwenye vumbi mpaka Kibondo, na siku ya gulio mpaka Mabamba, ambako Warundi huvuka mpaka kuja kununua. Mkewe alikufa mapema akamwachia mtoto mmoja, Nurudini. Aliyemlea ni Nasma, dada yake Mansuri, mwanamke mwenye ulimi usiolala.

Nurudini alikua mtoto wa milima, hajaona maji makubwa kuliko mto Malagarasi. Sijui bahari ilimwingia vipi kichwani. Alikwenda Dar es Salaam, akasomea ubaharia, akarudi kuoa. Akamuoa Firdausi, binti wa muuza vitambaa wa Kibondo, akakaa naye muda mfupi, akaitwa kazini. Meli ile haikuwa ya samaki wala ya mizigo. Ilibeba wataalamu wa kupima bahari, tena bahari ya kusini kabisa, kwenye nchi ya barafu. Kazi ya Nurudini na wenzake wa sitahani ilikuwa kushusha chupa ndefu kwa waya mpaka chini sana, zinajifunga huko huko, kisha wanazivuta juu na maji ya kule chini.

Nasma alikuwa akimcheka kwenye simu. "Yaani Nuru, shule yote ile umekwenda kuteka maji?"

"Shangazi, haya hayatekwi kwa ndoo."

"Ungeniambia ningekupa mtungi wangu, ukapunguza safari!"

Basi, mwezi wa tatu uliopita ukaingia ujumbe wa sauti kwenye simu ya Firdausi. Upepo mtupu. Katikati ya upepo, sauti ya Nurudini inamwita baba yake kwa Kiha, "Data," halafu neno moja lililokatwa kichwa: "...beho." Kisha upepo tena, basi. Kesho yake wakapigiwa simu kutoka Dar. Wimbi limepanda sitahani, limemchukua Nurudini. Meli imezunguka, imetafuta, haikumpata.

Sasa neno hilo lazima nilieleze, maana asiye Muha hataelewa ugomvi ulitoka wapi. Kwa Kiha baridi ni *imbeho*. Na mtu anayeaga, asiyejua kama mtaonana tena, husema *urabeho*. Maneno mawili yana mkia mmoja. Upepo ulikula kichwa ukawaachia mkia, na nyumba nzima ikagawanyika kwa mkia ule.

"Amesema imbeho," Mansuri alishikilia. "Analalamika baridi. Mtu anayelalamika baridi anataka blanketi, hataki sanda."

"Kaka, mtoto huyo nimemlea mimi," Nasma akajibu. "Baridi hajailalamikia hata siku moja. Alikuwa anaoga mtoni alfajiri, na wewe baba mtu mzima umejifunika gubigubi. Ameaga. Amesema urabeho."

"Masikio yako yameziba nta."

"Na yako yamejaa chumvi!"

Wakaicheza sauti ile mara nyingi hata Nasma akaiomba simu ipumzike. Mansuri hakukubali matanga. Hakutaka khitma wala kupokea mikono ya watu. Aliyekuja kumpa pole alimkaribisha chai na kumuuliza bei ya maharage.

Aliyeumia zaidi ni Firdausi. Mke aliyefiwa anakaa eda, anatulia ndani, watu wanamjua kuwa ni mjane, na muda ukiisha maisha yake yanarudi mikononi mwake. Mke ambaye mumewe yuko safarini anapokea simu, anahesabiwa kuwa na mtu. Firdausi hakuwa huyu wala yule. Sokoni wanawake walimwangalia kanga aliyovaa kabla ya kumwangalia usoni. Mmoja alimuuliza waziwazi, "Bibi, sisi tukusalimie vipi?" Alitembea ndani ya nyumba ile kama mgeni ambaye mwenyeji wake hajamwambia akae.

Nilipopita Kibondo, kaka yake aliniita dukani kwao, vitambaa vimening'inia kila upande. Akaniambia, "Mzee, ukifika Kasulu mwambie Mzee Mansuri tunamheshimu sana. Lakini dada yetu si gunia, hawezi kuwekwa stoo akisubiri bei." Niliufikisha ujumbe. Niliulainisha kidogo njiani, lakini niliufikisha. Mansuri akasema, "Mke wa mwanangu hajafiwa. Akitaka kwenda kuwasalimia kwao, nauli yake ipo."

Shehe Abdalah naye aliombwa aseme. Yule ni mtu wa taratibu, mwenye huruma hata imekuwa udhaifu. "Akipatikana shahidi aliyeona, sheria ni nyepesi," alisema. "Ila nitamkalishaje binti eda kwenye nyumba ambayo mwenyewe anasema hakuna msiba? Na binti mwenyewe hataki kumvunjia mkwewe moyo. Ngojeni."

Wakangoja. Mvua zikaja, zikakatika. Ndipo akaja Mudathiri.

Mudathiri ni kijana wa Tanga, alikuwa sitahani pamoja na Nurudini. Ameuleta mfuko wa mwenzake. Alishuka kwenye basi amejikunyata, meno yanagongana, Nasma akasahau hata majonzi.

"Haya, mtazameni baharia wa nchi ya barafu anatetemeka Kasulu!"

"Shikamoo, shangazi. Kule walinipa koti. Hapa nimepewa salamu tu."

"Marahaba, mwanangu. Ingia ndani, nitakupa na uji."

Mansuri aliupokea mfuko, akauweka kwenye kiti kama mtu anayemkalisha mgeni. Hakuufungua. Hakuuliza habari ya wimbi. Aliuliza, "Niambie kwanza, maji ya huko yakoje?"

Nadhani Mudathiri alishukuru kuulizwa jambo analoweza kulijibu. "Mzee wangu, bahari ya kule inaganda. Upepo unatoka nchi kavu, mkali, unayasukuma mabarafu mbali na ufuo. Maji yanabaki wazi, yanaganda tena, upepo unayasukuma tena. Kazi ni hiyo msimu wote wa baridi. Na ile barafu ya bahari ukiionja, chumvi yake ni kidogo sana. Barafu haitaki chumvi. Inaitema."

"Inaitemea wapi?"

"Kwenye maji yaliyobaki chini yake."

Mansuri akasogeza kiti. "Uvinza hiyo! Sisi maji tunayapeleka juu kwa moto, chumvi inabaki. Wao maji yanakuwa jiwe kwa baridi, chumvi inabaki. Kwa hiyo yale yaliyobaki yamekolea."

"Yamekolea, na ni baridi kupita kiasi. Hapo ndipo yanapokuwa mazito kuliko maji mengine yote ya bahari. Yanazama."

"Yatazama tu. Maji yaliyokolea yana uzito, hata yai linaelea juu yake. Kisha?"

"Kisha yanateremka kwenye mteremko wa chini ya bahari, mzee. Sijui nikufananishie na nini."

"Na baridi ya hapa kwetu," Mansuri akasema. "Alfajiri baridi haikai mlimani, inateremka bondeni kama maji. Waliojenga bondeni ndio wenye mablanketi mawili. Endelea."

"Yakifika chini kabisa yanasambaa. Yanatambaa gizani, polepole, yanafuata mabonde ya huko chini. Mengine yanakwenda magharibi, mengine yanakuja upande wetu. Yanaingia chini ya Bahari ya Hindi, yanapanda kaskazini. Wataalamu walituambia hata mbele ya Tanga kwetu, mbali na ufuo, ukishusha chupa kwenye kina kirefu utaikuta baridi iliyotoka kule."

Mansuri akaweka kikombe chini. "Yanakuja huku."

"Yanakuja, ndiyo."

"Nasma! Umesikia? Yanakuja huku."

Firdausi alikuwa mlangoni na sinia la mihogo. Nilimwona akilishusha kwenye jamvi kwa mikono miwili, kama lililozidi uzito ghafla. Mudathiri akatazama huyu na yule. Alikuwa ameeleza mambo ya maji, na mzee amesikia habari za mtu.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko za mwanzo, maana Mansuri alichangamka. Alinyoosha mgongo. Alivaa kofia yake ya sikukuu. Kila mteja aliyepimiwa chumvi alifungiwa na habari: maji ya kusini yanazama, yanatambaa, yanakuja upande wetu, na Nurudini yumo katika maji hayo. Watu waliitikia "Alhamdulillahi" na kuondoka haraka. Nilimsikia akimuuliza dereva wa lori nauli ya Tanga. Nilikuwa na mwavuli mkononi, uzi ukanipotea kwenye tundu la sindano.

Ni Basile peke yake aliyemjibu. Basile ni Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, muuza sabuni, huja kununua chumvi na kuibishia.

"Papa Mansuri, chumvi ya leo iko na maji mingi. Unaniuzia bahari?"

"Bahari inakuja, Basile. Itatuletea mwanangu."

Basile hakucheka. Aliifunga chumvi yake taratibu. "Papa, mie nililia kaka yangu bila kaburi. Vita ilimukamata ngambo kule, hakuna mutu aliona mwili. Mama yetu akasema tungoje mwili. Tukangoja. Alikufa akingoja, sasa tukalia wawili kwa siku moya." Akaweka mfuko begani. "Pardon, Papa. Unisamehe kama nimesema mubaya."

Mansuri aliifunika chumvi kwa turubai. Lakini safari hii hakuingia ndani. Alikaa juu ya gunia mpaka soko likaanza kufungwa.

Siku ya mwisho ya Mudathiri ilinyesha tangu asubuhi. Baada ya chakula cha mchana tulikuwa sebuleni wote: Mansuri, Nasma, Mudathiri amevaa viatu vyake vya safari, na mimi mlangoni. Firdausi alikuja kuchukua vyombo. Akavichukua, akavirudisha chini, akapiga magoti kando ya jamvi.

"Shemeji," akamwambia Mudathiri, "umemweleza baba kwamba maji yanakuja. Mweleze na muda."

Mudathiri akavitazama viatu vyake.

"Muda gani?" Mansuri akauliza.

"Mzee wangu..."

"Nimeuliza muda."

"Wataalamu wanahesabu kwa karne, mzee. Maji yaliyoko sasa chini ya bahari ya upande wetu yalizama kule kusini kabla babu wa babu yako hajazaliwa. Na siku hizi mambo ni mabaya zaidi. Ndiyo sababu tulikwenda. Barafu ya nchi kavu inayeyuka, maji yasiyo na chumvi yanamwagika baharini, yanayapunguzia yale mengine uzito. Hayazami kama zamani. Na ndiyo yanayopeleka pumzi chini kwa viumbe vya kule, kwa hiyo chini kunaanza kukosa pumzi. Tulikwenda kupima hilo tu."

"Na yaliyomchukua mwanangu?"

"Wimbi ni la juu, mzee. Hakuna anayejua kama maji yale yatazama. Hata yakizama, yakifika huku sisi wote tutakuwa hatukumbukwi majina. Na hayaleti mtu. Yanaleta baridi tu."

Mvua ilikuwa imeshika bati, lakini tulisikiana.

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Ulifurahi, mzee. Nilikosa moyo."

Mansuri akatikisa kichwa polepole. Sikujua kama ni hasira. "Mlimtafuta?"

"Tulimtafuta mpaka nahodha akasema yatosha. Alikuwa na koti la rangi ya chungwa, rangi inayoonekana mbali. Niliona koti lake likipanda na mawimbi, likishuka, likipanda. Kisha likashuka, nikangoja lipande." Akainama kukaza kamba ya kiatu. "Maji yale, mzee, mikono inaacha kufanya kazi hata chai haijapoa. Hakuteseka muda mrefu. Hilo naweza kuapa."

Nasma alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya kanga.

Firdausi akasema, macho chini, "Baba, tangu siku ile mimi sijalia. Nikizidiwa nakwenda kupepeta maharage uani, nikiulizwa nasema vumbi. Nikilia mbele yako nitakuwa nimemuua mimi. Sitaki kwenda kwetu, sitaki kitu kingine. Naomba ruhusa yako nimlilie mume wangu."

Mansuri alimtazama muda mrefu. Nafikiri ndiyo mara ya kwanza kumwona tangu mwezi ule wa tatu. Kabla ya hapo alikuwa anaona mke wa mtu anayerudi, na mke wa mtu anayerudi hana haja ya kutazamwa, ana haja ya kutunzwa tu.

"Mudathiri," akasema, "basi lako lipite leo. Uje nami kwa Shehe Abdalah, useme yale ya koti. Useme yote." Akainuka kwa shida, akashika ukuta. Alipofika karibu na Firdausi akaweka kiganja juu ya kichwa chake. "Lia, mwanangu. Mimi ndiye niliyekufunga."

Niliwafuata, na hatukuwa tumefika barabarani tuliposikia sauti ya Firdausi. Haikuwa sauti ya mtu mmoja. Ilikuwa ya miezi yote ile imetoka pamoja, na ya Nasma juu yake. Majirani wakaanza kutoka kwenye mvua bila miavuli, wanawake wanakimbia wakifunga vilemba, kama watu waliokuwa wameketi tayari nyuma ya milango wakisubiri waitwe. Mansuri hakugeuka. Alimshika Mudathiri mkono, akaendelea kwenda.

Shehe alimpata shahidi wake, na Firdausi aliingia eda jioni ile ile.

Ijumaa ikasaliwa sala ya ghaibu, sala ya maiti ambaye hayupo. Watu walijaa mpaka nje. Wafanyabiashara wa soko, ndugu wa Firdausi kutoka Kibondo, na Basile alisimama ng'ambo ya barabara amevua kofia. Shehe alieleza utaratibu, takbira nne, hakuna rukuu. Ikaisha mapema sana. Hiyo ndiyo sala yake, ni fupi, ila siku zote baada yake watu wana kazi: wanalivamia jeneza, kila mmoja anatafuta pa kushika, linapita juu ya mabega mpaka makaburini. Siku ile tulitoa salamu, tukasimama, na mbele yetu palikuwa na mkeka mtupu.

Nilimwona Mansuri akipiga hatua mbele, mikono imeinuka kidogo, vidole vimefunguka. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akaishusha, akavaa makubazi yake, akatoka.

Tukatoka nyuma yake. Ndivyo mazoea yalivyo, baba wa maiti akitangulia watu hufuata, na hakuna aliyetuambia tusifuate. Alipita kando ya soko, akapita gereji, tukampita muuza mkaa ambaye alisimama kwa heshima. Hakuna aliyeuliza tunakwenda wapi. Tulikuwa wengi, tunatembea kwenye tope kwa mwendo ule wa mazishi, kimya, huku wengine wakisoma midomoni. Tukafika pale lami inapokwisha, njia ya Kibondo inapoanza kuteremka. Hapo Mansuri akasimama, na sisi tukasimama.

Alitazama chini bondeni muda kidogo. Kisha akageuka, akatuambia kwa adabu kabisa, kama mtu anayewaomba radhi wageni:

"Rudini, jamani. Hakuna pa kwenda."